Tuuze Ngamia Tukatafute Seli Shina?

Swali: Daktari, mdogo wangu alipigwa risasi mgongoni na wezi wa mifugo mwaka juzi. Miguu haina nguvu wala hisia. Hapa Biliqo tumesikia kuna hospitali ng'ambo inayotibu kwa seli shina. Tuuze ngamia?

Jibu: Msiuze, nawasihi. Mpaka sasa hakuna tiba ya seli shina iliyothibitishwa kumrudishia miguu mtu aliyeumia hivyo.

Swali: Lakini wanasema seli ni zake mwenyewe. Zitamdhuru vipi?

Jibu: Hutolewa kwenye uboho au mafuta ya tumbo, zikazalishwa maabara, kisha akadungwa mgonjwa. Hazigeuki kuwa neva kirahisi. Tunachotumainia ni kwamba zitatoa kemikali za kutuliza uvimbe na kulinda neva zilizosalia. Na madhara yapo. Mwanamke mmoja Mmarekani alipandikizwa kwenye uti wa mgongo tishu za pua yake mwenyewe huko Ureno. Miaka 8 baadaye madaktari walimtoa mgongoni uvimbe uliojaa ute kama kamasi. Kisa hicho kiliripotiwa mwaka 2014.

Swali: Mbona Japani wameiruhusu?

Jibu: Desemba 2018 waliruhusu tiba ya seli shina iitwayo Stemirac, kwa masharti na kwa muda, wakitegemea wagonjwa 13 tu. Ni ya walioumia karibuni, si miaka miwili iliyopita. Mwaka 2024 Mayo Clinic ya Marekani iliripoti wagonjwa 10 waliopewa seli za mafuta yao, na 7 walipata nafuu ya kiasi fulani. Nilifurahi kusoma hayo. Ila hakukuwa na wagonjwa wengine wasiopewa seli wa kulinganisha nao, kwa hiyo hatuwezi kusema nafuu hiyo ililetwa na seli.

Swali: Basi tukae tu?

Jibu: Hapana! Wagonjwa wengi kama hawa huuawa na vidonda vya kulalia na maambukizi ya mkojo, na hayo mnaweza kuyazuia hapo nyumbani. Akiwa amelala, mgeuzeni kila baada ya saa mbili, hata usiku. Asubuhi na jioni kagueni visigino, nyonga na makalio. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo pitisha mgongo wa mkono ukitafuta joto, kisha bonyeza kwa kidole ukitafuta ugumu. Ukiupata, asilalie upande huo mpaka uishe. Mkojo utolewe kwa mpira safi (katheta) kila baada ya saa nne hadi sita, naye afundishwe kuutoa mwenyewe. Anzieni hospitali ya Merti au Isiolo, mwombe rufaa ya Hospitali ya Kitaifa ya Majeraha ya Uti wa Mgongo, Nairobi. Ngamia mmoja akiuzwa kwa ajili ya kiti cha magurudumu na godoro zuri, hapo sina kipingamizi.

Swali: Na wakala wa hospitali hiyo ya ng'ambo aliyetupigia simu, akipiga tena?

Jibu: Mwulizeni utafiti umesajiliwa wapi, kamati gani ya maadili imeupitisha, na nani anagharamia. Utafiti halisi kwa kawaida haumtozi mgonjwa. Akidai malipo kwanza, mkatieni simu.