Ufuge Ndege Gani?

Wahenga walinena kuwa mchagua jembe si mkulima. Katika jambo la kufuga ndege naomba ruhusa niwapinge kidogo. Asiyechagua hujuta.

Wengi wetu hapa shuleni tukiulizwa tungependa ndege yupi, jibu ni moja tu: kasuku! Kwa nini? Eti anaongea. Ni kweli, yule wa kijivu mwenye mkia mwekundu huiga sauti ya mtu ajabu. Lakini hebu ngoja. Kasuku huyu aweza kuishi miaka 40 na zaidi, yaani umnunue leo, aje kuwaona wajukuu wako. Hapendi upweke, akiachwa peke yake hujinyonyoa manyoya mpaka kifua kikabaki wazi. Sasa wewe uko bweni muhula mzima, nani atapiga naye gumzo? Nyanya? Tena kuna sheria. Tangu Januari 2017 biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu wa porini imepigwa marufuku, na hapa Kenya humfugi bila kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Anayekuuzia kando ya barabara bila karatasi anakuuzia kesi.

Mimi nasema njiwa manga. Jike hutaga mayai mawili, nayo huatamiwa kwa siku 18 hivi, dume likishika zamu ya mchana. Makinda hulishwa uji mweupe kama maziwa utokao kwenye gole la wazazi wote wawili. Mtama na mahindi yaliyovunjwa yawatosha, na hata mdogo wako aweza kuwalisha ukiwa shuleni.

Ila njiwa nao si wamoja. Kuna wale weupe wenye mkia uliotanuka kama wa tausi. Njiwa wa kawaida ana manyoya 12 ya mkia, lakini hao huwa na 30 au zaidi. Wanapendeza, sikatai! Shida ni kwamba hawaruki vizuri, na mwewe analijua hilo kukushinda. Hao ni wa boma lenye wavu.

Halafu kuna njiwa wa mbio, ambao hata wakipelekwa mamia ya kilomita hurudi kwao. Hapo ndipo wanunuzi hulia. Ukinunua mkubwa ukamwachilia, atarudi kwa aliyekuuzia, naye kesho atamuuza tena! Nunua kinda la wiki tano hivi, ambalo halijaanza kuruka nje, lipajue kwako kwanza.

Sokoni usidanganywe na rangi. Papasa kifua: mfupa ukichoma kama kisu, ndege huyo amekonda. Tazama macho na pua, visiwe na majimaji. Kisha mweke karibu na sikio. Ukisikia anakoroma akipumua, mrudishie mwenyewe, hata kama bei imeshuka nusu.