Taa ya Injini na Kihisio cha Joto

Katika miezi ya Juni na Julai, asubuhi za Mjimwema, Njombe, huwa na baridi kali. Injini ya petroli iliyopoa huhitaji petroli nyingi zaidi. Ikipata moto, kiasi hicho hupunguzwa. Kompyuta ya gari huamua kiasi hicho ikisaidiwa na kihisio cha joto kilichozama katika maji ya kupozea injini.

Joto likipanda, ukinzani wa kihisio hushuka. Katika magari mengi huwa kati ya omu 2,000 na 3,000 kwenye nyuzi 20 za Selsiasi, na karibu omu 300 kwenye nyuzi 80. Kihisio kikionyesha baridi ilhali injini ina moto, petroli hupotea bure.

Hitilafu ikitambuliwa, taa ya injini huwaka na kompyuta huhifadhi namba. P0118 humaanisha kwamba volti za saketi ya kihisio hicho zimezidi. Haithibitishi kuwa kihisio kimeharibika, kwani waya uliokatika hutoa namba hiyo hiyo. Anayenunua kihisio kabla ya kupima aweza kupoteza fedha, na taa isizimike.

Hivyo waya na viungio vikaguliwe kwanza. Kisha, injini ikiwa imepoa kabisa, kihisio kifunguliwe, ncha yake itumbukizwe majini, na ukinzani upimwe maji yakipashwa moto. Ukishuka kwa kadiri iliyotajwa, kihisio ni kizima. Usiposhuka, kibadilishwe, maji yajazwe tena, na namba ifutwe.

Zoezi: Kwa nini waya uliokatika huonekana kwa kompyuta kama baridi kali kupindukia?