Wasifu wa Kazi kwa Anayeanza Usanifu wa Michoro

Mwanafunzi anayeanza fani hii hushawishika kuupamba wasifu wake kwa rangi, fremu na nyota za kujipima ujuzi. Nyota nne kati ya tano hazimwambii mwajiri lolote. Mpangilio wa ukurasa ndio sampuli ya kwanza ya kazi yake: karatasi moja ya A4, pambizo la milimita 20, aina moja ya herufi, matini ya pointi 11, vichwa vya 14. Asiyewahi kuajiriwa aoneshe kazi halisi, hata bango la kikoba cha mtaani au kadi ya harusi, akitaja alichobuni mwenyewe. Kabla ya kuutuma, auchapishe kwa wino mweusi katika duka la steshenari. Maandishi ya njano hufifia hapo, na ofisi nyingi huchapisha hivyo hivyo.