Umeme wa Usiku Baharini: Kuutazama, Kuuhisabu na Kujikinga Nao

Tumeulizwa darasani na mmoja katika ndugu zetu, naye ni mtu wa bahari tangu ujana wake, masuala mawili. La kwanza: umeme tuuonao usiku upande wa baharini, ukimulika kimya pasipo ngurumo, ni kitu gani, na mtu atajuaje kama waja kwetu au wenda zake? La pili: je, mtu akikaa juu ya dari ya nyumba yake akihisabu umeme, akaandika saa na upande, amejitia katika mambo ya ghaibu yasiyomhusu? Masuala haya yastahili jawabu, kwani kila msimu wa masika na wa vuli ndugu zetu wavuvi hulala kati ya maji, na khatari hii si ya mzaha.

Twaanza na suala la pili, kwa sababu aliyetawaliwa na khofu hapati elimu. Radi si ghaibu. Ni kitu kionekanacho kwa macho na kusikika kwa masikio, chenye kanuni aliyoiweka Muumba wake. Sura ya 13 katika Qur'ani imeitwa kwa jina la radi yenyewe. Na jua lilipopatwa siku aliyokufa Ibrahim, mwana wa Mtume, watu wakasema limepatwa kwa ajili ya msiba ule, naye Mtume akawakataza kusema hayo. Basi aliyekataa jua kupatwa kwa kifo cha mwanawe, sisi twapata wapi ruhusa ya kusema radi hii imetumwa na fulani ili impige fulani? Wazee wetu waliyahisabu maji kwa siku za mwezi, wakajua lini ni bamvua na lini ni maji mafu, wala hapana aliyewaambia wamejitia katika ghaibu. Kuuhisabu umeme ni kama kuyahisabu maji.

Sasa tutazame radi huzaliwaje. Hewa yenye joto na unyevu hupanda juu. Kadiri ipandavyo hupoa, mvuke wake ukageuka matone, na juu zaidi matone yakaganda yakawa barafu. Wingu la radi katika nchi zetu za joto laweza kufika kimo cha kilomita 15, yaani karibu mara tatu ya Mlima Kenya. Ndani yake chembe nyepesi za barafu zipandazo hugongana na punje nzito zishukazo, na kwa kugongana huko chembe nyepesi huchukua umeme wa namna moja juu, na punje nzito hubakia na umeme wa namna ya pili chini. Tafauti baina ya juu na chini, au baina ya wingu na ardhi, ikizidi mno, hewa hushindwa kuuzuia umeme, nao hujipasulia njia. Njia hiyo ni nyembamba, lakini joto lake hufika takriban digrii 30,000, mara tano ya joto la uso wa jua. Hewa iliyopashwa hivyo hutanuka kwa ghafula, na mshindo wa kutanuka kwake ndio ngurumo. Basi umeme na ngurumo ni jambo moja. Twaliona kwanza, kisha twalisikia. Na kwamba umeme wa mawinguni ni umeme ule ule utengenezwao kwa vyombo, ulithibitishwa mwaka 1752 kwa majaribio yaliyofanywa Ufaransa kwa shauri la Benjamin Franklin wa Marekani.

Mtu atasema: kwa nini usiku, na kwa nini baharini? Jawabu lake analo kila mvuvi, ijapokuwa pengine hajalipanga. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko bahari, na upepo hutoka baharini kuingia bara. Hewa hupandia huko, na ndiyo sababu jioni ya masika mara nyingi twauona umeme magharibi, juu ya vilima vya Shimba na kuelekea Taita. Usiku mambo hugeuka. Nchi kavu hupoa, bahari ikabaki na joto lake, na umande hutoka nchini kwenda majini. Upepo huo ukikutana mbele na hewa ya bahari yenye joto na unyevu, huisukuma juu, na wingu huinuka juu ya maji. Ndugu zangu, zingatieni jambo hili: upepo ule ule umpelekao mvuvi nje kabla ya alfajiri, ndio uwezao kulijenga wingu litakalomkuta huko. Hutokea zaidi wakati wa maleleji, Kaskazi ikiisha na Kusi haijashika, na tena wakati wa vuli. Kusi ikishapata nguvu, radi hupungua sana katika pwani yetu.

Kanuni hii hii hufanya kazi kubwa zaidi katika Ziwa Viktoria. Huko upepo wa usiku hutoka pande zote za nchi kavu na kukutana katikati ya ziwa, nazo dhoruba huinuka wakati wavuvi wako kwenye nyavu zao. Kwa ajili ya khatari hiyo, kuanzia mwaka 2017 hadi 2021, Shirika la Hali ya Hewa Duniani pamoja na idara za nchi za Afrika Mashariki ziliendesha mradi ulioitwa HIGHWAY, ili maonyo yawafikie watu wa ziwa kwa lugha waielewayo.

Ama umeme wa kimya, si namna nyingine ya umeme. Ni radi kama radi nyingine, ila iko mbali. Mwangaza wa wingu refu huonekana usiku kutoka kilomita 100 na zaidi, hasa juu ya bahari isiyokuwa na mlima wa kuuzuia. Lakini ngurumo kwa kawaida haisikiki zaidi ya kilomita 15 au 20, kwa kuwa sauti hupinda kuelekea juu kwa sababu ya hewa ya juu kuwa baridi, ikatupita vichwani. Basi umeme wa kimya maana yake ni hii: wingu liko, halijafika. Si dalili ya amani wala si dalili ya shari. Ni khabari tu, na mwenye akili huifuatilia khabari.

Na njia ya kuifuatilia ni nyepesi, haihitaji chombo cha thamani. Yataka saa, karatasi na kalamu, na kuijua kibla. Makka na Mombasa ziko karibu katika mstari mmoja wa kaskazini na kusini, na ndiyo maana wazee wetu waliita upande wa kaskazini kibla. Kwa hiyo mtu wa Mombasa akisimama kuelekea kibla, mbele yake ni kaskazini, mkono wake wa kulia ni bahari na mashariki, wa kushoto ni bara na magharibi, na nyuma yake ni kusini. Hana haja ya kununua dira. Kila msikiti wa mji wetu ni dira.

Akiisha kuujua upande, na ahisabu. Mwangaza hufika machoni papo hapo, lakini sauti huenda kiasi cha meta 340 kwa sekunde, yaani kilomita moja kwa kila sekunde tatu. Basi aonapo umeme aanze kuhisabu sekunde mpaka asikie ngurumo yake, kisha agawanye kwa tatu. Jawabu ni kilomita. Na aandike mambo matatu: saa, upande, na umbali. Baada ya dakika kumi afanye vivyo hivyo, na tena mara ya tatu.

Tupige mfano. Saa tatu na dakika kumi usiku, umeme uko mashariki, sekunde 45; ni kilomita 15. Saa tatu na dakika ishirini, uko pale pale mashariki, sekunde 36. Ni kilomita 12. Saa tatu na nusu, mashariki vile vile, sekunde 27. Ni kilomita 9. Kila dakika kumi wingu limekula kilomita tatu, na upande wake haukubadilika. Nahodha yeyote aijua maana ya jambo hili: chombo kinachokujia ukakiona daima upande ule ule, nacho kinakaribia, hicho kitakugonga. Wingu hili, likidumu na mwendo wake, litakuwa juu yetu saa nne. Lau upande ungalihama, mara ya kwanza mashariki, kisha kusini mashariki, kisha kusini, tungalisema linatupita. Walakini mtu asighurike na hisabu yake, kwani wingu jipya laweza kuzaliwa ubavuni mwa la zamani. Na radi huweza kupiga kilomita 10 au zaidi mbali na mvua yake, mahali ambapo mtu atazama juu akaona nyota.

Wenye vyombo nao wana njia zao. Umeme hutoa mawimbi ya redio, na mwaka 1895 Popov wa Urusi alionyesha chombo kilichoyanasa. Hata leo redio ya masafa ya kati hukwaruza kila umeme umulikapo. Na tarehe 13 Desemba 2022 ilirushwa setilaiti ya Ulaya ya Meteosat yenye macho manne ya kuutazama umeme peke yake, mchana na usiku, ikiiangalia Ulaya na Afrika kutoka kimo cha kilomita 36,000. Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya hutoa khabari za bahari, na mvuvi asitoke kabla ya kuzisikiliza. Lakini simu huzimika na mawasiliano hukatika. Hisabu ya kichwani haizimiki.

Faida ya haya yote ni matendo. Ngurumo ikisikika chini ya sekunde 30, khatari imekwishafika: mtu na aingie katika nyumba ya kuta madhubuti au gari lililofungwa, wala asitoke mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Asijikinge chini ya mnazi wala mbuyu, kwani radi hupenda kilicho kirefu kuliko vya jirani. Nyumbani asishike bomba la maji wala simu iliyounganishwa na umeme. Aliye baharini arudi mapema. Na akiwa amekwisha kukutwa, aikunje tanga, akae chini kabisa chomboni, mbali na mlingoti na waya. Kuvifunika vioo na kuvua nguo nyekundu hakuzuii kitu. Kinachozuia ni fimbo ya chuma juu ya jengo refu, yenye waya mnene wa shaba uliozikwa ardhini. Na wasimamizi wa misikiti yenye minara na waulizane kama mnara wao unayo.

La mwisho ndilo zito kuliko yote. Watu wengi humwogopa aliyepigwa na radi. Husema mwili wake una umeme, au kwamba amerogwa na amgusaye atafuatwa. Basi hukaa mbali, wakamtazama. Haya ni maneno ya ujinga, nayo huua. Mwili wa binadamu hauweki umeme. Mguse bila khofu. Wengi wapigwao na radi hupona, na afaye mara nyingi hufa kwa kuwa moyo na pumzi vimesimama. Asiyepumua na alazwe chali, akandamizwe katikati ya kifua kwa nguvu, kina cha sentimeta tano, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila ya kuacha mpaka afike tabibu. Wakipigwa watu wengi, aanzwe yule anyamazaye, kwani anayelia bado ana pumzi.

Basi jawabu kwa ndugu yetu mvuvi ni hili: panda darini, tazama, hisabu, uandike, na uwafundishe wanao kabla ya masika kuingia. Kuitazama alama si kuasi, na kuipuuza si kumtegemea Mola. Aliyeona wingu lamjia kwa upande mmoja akang'oa nanga, asije akasema ameandikiwa, na hali kalamu ilikuwa mkononi mwake.

Wabillahi taufiki.