Je, dozi ya mwisho ndiyo iliyomuua?

*Mimi ni muuguzi, nina miaka 27, niko wodi ya wanawake katika hospitali ya wilaya. Tulikuwa na mama mmoja mwenye saratani ya shingo ya kizazi iliyokwisha kusambaa. Alirudishwa kwetu atulizwe maumivu tu. Kwa wiki 3 alikuwa akinywa mofini ya maji kila baada ya saa 4. Siku ile tangu jioni miguu ilikuwa imepoa na pumzi zinakatikakatika. Saa 8 usiku, muda wa dawa umefika, mdogo wake aliyekuwa akimuuguza akanifuata mezani: "Sista, dada anaumia, mpe dawa yake." Nikamdondoshea shavuni dozi ileile aliyoandikiwa. Saa 9 na nusu akakata roho. Mdogo mtu akapiga kelele wodi nzima ikasikia: "Umemmalizia dada yangu!" Inchaji alisema nisijali, wafiwa ndivyo walivyo. Lakini sasa mkono unatetemeka nikishika chupa ile, na juzi nilimcheleweshea mgonjwa mwingine dozi hadi mwenzangu wa asubuhi alipoingia. Je, nilimuua?*
*Muuguzi, Morogoro*

Kwa hayo uliyoniandikia, hukumuua.

Fikiri hesabu hii. Mtu anayepewa dawa kila baada ya saa 4, usiku na mchana, saa yoyote atakayokufa itakuwa karibu na dozi fulani. Angefariki saa 7 ungejilaumu kwa dozi ya saa 4 usiku. Wewe mwenyewe umeeleza kwamba miguu ilipoa na pumzi zilianza kukatika tangu jioni. Kifo kilikuwa kimeshaanza kazi yake, na dawa ikamkuta huko huko njiani.

Mofini iliyozidi hujionyesha kwa namna nyingine. Mgonjwa husinzia mno, haamshiki kirahisi, mboni za macho zinabana, pumzi zinakuwa za polepole. Mwili uliozoea dozi moja kwa wiki 3 kwa kawaida haushtuliwi na dozi hiyohiyo. Hata hivyo ni dawa ya kuheshimiwa. Saratani ya shingo ya kizazi ikifikia hatua za mwisho mara nyingi huziba mirija ya mkojo, figo zikachoka, dawa ikakawia mwilini. Ukiona mgonjwa wa namna hiyo mkojo umepungua na analala kupita kawaida kati ya dozi na dozi, mwite daktari apunguze kipimo au aongeze saa kati ya dozi. Uangalifu huo ndio utakaoutuliza mkono wako.

Ila kwa huyo mgonjwa wa juzi sitakubembeleza. Saa alizokaa akisubiri mwenzako aingie alizilipia kwa mwili wake, na hakuwa na kosa lolote. Cicely Saunders, aliyeanza kama muuguzi kabla ya kuwa daktari na kufungua hospisi ya St Christopher's mjini London mwaka 1967, alisisitiza kwamba dawa ya maumivu itolewe kwa saa zilizopangwa, kabla maumivu hayajarudi. Hapo jirani Uganda, Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993 kwa unga wa mofini uliochanganywa na maji, dawa rahisi ambayo mgonjwa huweza kuinywea nyumbani kwake. Tangu 2004 sheria ya huko inawaruhusu wauguzi waliosomea huduma ya kutuliza maumivu kuandika mofini wenyewe. Wenzako wa Uganda wamekabidhiwa kalamu. Wewe usiiogope chupa.

Sasa nirudi kwa yule mdogo mtu, maana yeye ndiye aliyeninyima usingizi niliposoma barua yako. Isome tena. Nani aliyekuja mezani saa 8? Nani aliyesema "mpe dawa yake"? Naamini ule ukelele aliokurushia wewe ulikuwa unamchoma yeye kwanza. Alikuita, ukaja, dada akafa. Mbele ya kaka zake, mashangazi na mashemeji, huenda hajathubutu kutamka kwamba ni yeye aliyeomba. Inchaji wako alitaka kukuondolea mzigo, namshukuru kwa hilo, lakini kusema "wafiwa ndivyo walivyo" kumemwacha mdogo mtu huyu peke yake na swali lilelile unaloniuliza mimi.

Kwa hiyo mtafute. Zungumza na inchaji, ikiwezekana muende wote wawili, msimuite hospitalini kama anayeitwa shaurini. Mpeni pole, mkae mkekani, mumuache aseme. Akikulaumu tena, usikimbilie kujitetea kwa majina ya dawa. Akishamaliza, mwambie kwa maneno yako kwamba dada yake alikuwa anaondoka tangu jioni, kwamba dawa ile haikumwondolea uhai bali maumivu, na kwamba alifanya vema kukuita. Hilo la mwisho liseme akiwepo mtu mwingine wa familia. Huenda asikujibu lolote. Si lazima akusamehe siku hiyohiyo.

Na kwa wagonjwa watakaofuata, neno lisemwe kabla ya usiku wa namna hiyo. Wewe ulijua maana ya miguu iliyopoa. Mdogo mtu hakujua. Miguu ikipoa, magoti yakifanya mabaka, pumzi zikisimama kisha zikaanza tena, waite ndugu pembeni uwaambie wazi kwamba anakaribia kufariki, pengine usiku huu. Usiseme "hali imebadilika", maana kila mtu ataisikia anavyotaka. Waeleze kwamba dawa itaendelea ili asiumie na kwamba anaweza kufariki muda mfupi baada ya kuinywa. Waulize kama wanataka sheikh, padri au mchungaji, na nani bado yuko safarini. Anayeuguza mpe kazi ya mikono: kuilowesha midomo kwa pamba yenye maji, kusaidia kumgeuza, kumshika. Asishurutishwe kumlisha, mwili unaofunga safari hauombi uji. Aendelee kuzungumza naye, kwa kuwa inawezekana bado anasikia.

Akishafariki, usiwaharakishie machela ya mochwari. Sogeza pazia, wape nafasi wamtazame, na uliza taratibu za dini yao kabla hujaugusa mwili. "Kazi ya Mungu haina makosa" waiseme wao wakitaka, isianzie kwako.

Kuhusu mkono unaotetemeka, zamu yako ijayo mwombe inchaji asimame nawe dozi ya kwanza, mpime pamoja, msome chati pamoja, mtie saini wote. Mgonjwa uliyemcheleweshea, kama bado yuko wodini, mwanzie yeye.