Mgonjwa wa Kutetemeka na Saa ya Ndani ya Ubongo

Katika nyumba nyingi tunazotembelea zenye mgonjwa wa Parkinson, lawama ni ile ile. "Baba amekuwa mzito. Ukimwambia twende, anajibu nakuja sasa hivi, na bado ameketi." Wengine wanasema ni ukaidi, wengine wanamtaja jirani mchawi. Somo la leo linaangalia kitu ambacho hata sisi wahudumu hatukifikirii sana: je, mgonjwa huyu anauhisi muda kama sisi?

Ugonjwa wenyewe

Daktari James Parkinson wa London aliueleza mwaka 1817. Ndani kabisa ya ubongo kuna chembe zinazotengeneza kemikali iitwayo dopamini. Chembe hizo zikifa, mikono hutetemeka, mwili hukakamaa, mwendo unakuwa wa polepole. Wakati mwingine miguu huganda mlangoni kama imepigiliwa misumari. Sehemu hiyo hiyo ya ubongo inayoongoza mwendo ndiyo pia inayosaidia kupima muda. Hata sisi wazima, kuruka mtaro au kudaka mpira ni kujua ni lini.

Jaribio la sekunde 8 na 21

Mwaka 1998 watafiti walitoa matokeo ya jaribio rahisi. Wagonjwa walifundishwa muda wa aina mbili, sekunde 8 na sekunde 21, kisha wakaombwa waurudie bila saa. Wakiwa wametumia dawa, walikaribia. Bila dawa, ule mfupi waliurefusha na ule mrefu wakaufupisha, kana kwamba nyakati hizo mbili zinavutana. Lakini walipofundishwa sekunde 21 peke yake, waliurefusha. Maana yake ni nini? Inaonekana mambo mawili yameharibika: saa ya ndani inakwenda polepole, na kumbukumbu za muda zinachanganyikana.

Umeme ndani ya ubongo

Mwaka 1987, kule Grenoble, Ufaransa, daktari Alim-Louis Benabid na wenzake walianza kutuliza mtetemeko kwa umeme mdogo unaotiwa ubongoni mfululizo. Mwaka 1993 wakahamia sehemu nyingine, ndogo kama harage, ambayo kwa wagonjwa wa Parkinson hufanya kazi kupita kiasi. Waya mwembamba huingizwa pale kwa upasuaji, ukapitishwa chini ya ngozi hadi kwenye kifaa cha betri kifuani. Kwa kawaida kifaa hupiga kama mara 130 kwa sekunde. Hakiponyi, ugonjwa unaendelea, lakini mtu aweza kushika kikombe tena.

Mwaka 2004 watafiti wa Italia waliwapima wenye kifaa hiki. Kikiwa kimezimwa, kosa lilikuwa lile lile la muda mfupi kurefushwa na mrefu kufupishwa. Kikiwashwa, kipimo kilirekebika, karibu kama kwa dawa. Utafiti wa Ujerumani wa mwaka 2011 ukaongeza jambo: mapigo 10 kwa sekunde yaliharibu kipimo zaidi kuliko mapigo 130. Kumbe si umeme tu, ni kasi yake.

Tusitie chumvi, jamani. Vipimo hivi ni vya sekunde. Havielezi kwa nini baba amekawia nusu saa. Hapo mwili mzito una sehemu kubwa. Na upasuaji huu ni wa gharama kubwa mno, familia nyingi za kwetu hazitaufikia.

Nyumbani je?

Dawa ya levodopa ndiyo iliyo karibu. Itolewe kwa saa, siyo "akiamka". Kwa kuwa saa ya ndani si ya kuaminika, mtundikie saa ya ukutani mahali anapoiona, au tumia kengele ya simu. Nyama na maharagwe vyaweza kuzuia dawa isiingie vizuri, kwa hiyo wengi hushauriwa kuimeza kama nusu saa kabla ya chakula. Usiikatize ghafla bila daktari, ni hatari. Miguu ikiganda, usimvute mkono. Hesabu naye kwa sauti, moja, mbili, au piga makofi taratibu. Mdundo wa nje husaidia ule wa ndani uliolegea.

Zoezi la kikundi

Mmoja ashike saa. Wengine wafumbe macho, kila mtu ainue mkono anapodhani sekunde 20 zimekwisha, bila kuhesabu. Tofauti ni kiasi gani? Kisha mjadiliane: katika kijiji chetu nani anaitwa mkaidi au mlevi kwa sababu ya mwendo wake, na nani atampeleka kliniki?