Mshale wa Joto Ukisema Uwongo



Katika toleo lililopita nilieleza kwa urefu mambo tuliyoyaona kwa wakulima wa korosho wa Nachingwea na Ruangwa: namna wanavyopeleka korosho ghalani na kupewa stakabadhi, na namna chama chao kikuu, RUNALI, kinavyouza kwa mnada. Jambo moja nililiacha, nalo ni khabari ya gari. Niliona haya kuliandika, maana ndani yake mna kosa langu mwenyewe. Lakini wanachama wengi mna magari, na msimu wa karafuu ukifika kila gari, nzima na mbovu, hutiwa kazini kuchukua wachumaji na magunia. Kwa hivyo nimeonelea khabari hii iwe somo letu la mwezi huu.

Tulikuwa watu wanne katika pikapu ya chama: mimi, Mzee wetu mshika fedha, mjumbe mmoja wa kamati, na dereva. Tulivuka Rufiji, tukapita Lindi, tukalala Masasi, na asubuhi tukashika njia ya Nachingwea. Hatujafika mbali, mshale wa joto, ambao tangu Dar es Salaam ulikuwa umetulia katikati, ukaruka mpaka kwenye herufi H. Nasema uliruka, haukupanda. Dereva akasimamisha gari chini ya mkorosho, akazima, na sote tukashuka.

Tukangoja saa nzima na zaidi, na huku tunangojewa mkutanoni. Gari ilipopoa tukafungua rejeta, tukakuta maji yamejaa mpaka juu, safi. Tukawasha tena, na mshale ukaruka pale pale, kabla injini haijapata hata vuguvugu. Tukaenda hivyo hivyo, pole pole, tukisimama kila baada ya muda kutazama maji, mpaka tukafika Nachingwea.

Fundi tuliyempata alikuwa kijana mdogo, na karakana yake ni kivuli cha mwembe na sanduku moja la vyombo. Alimwamkia Mzee shikamoo, akasikiliza khabari yetu mpaka mwisho, kisha akasema maneno ambayo nimeyaandika katika daftari langu: "Joto la injini halirukiruki, wazee wangu. Lita saba nane za maji haziwezi kupata moto kwa kufumba na kufumbua. Kinachoruka ni umeme."

Hapa yafaa nieleze kidogo, ili maneno yake yafahamike. Kipimo cha joto cha gari, ambacho mafundi hukiita sensa (siyo ile ya kuhesabu watu), ni kitu kidogo cha shaba kama kidole, kilichochomekwa injinini hata ncha yake ikakaa ndani ya maji. Katika ncha hiyo mna kipande ambacho hukinza umeme sana kikiwa baridi, na hulegea kikipata moto. Maji yakiwa baridi, umeme hupita kwa shida, na mshale hulala kwenye C. Maji yakipata moto, umeme hupita kwa urahisi, na mshale huinuka. Ni hivyo tu. Mshale hauyaoni maji kabisa. Unachokiona ni umeme unavyopita. Basi waya wa sensa ukichubuka ukagusa chuma cha injini, umeme hupita bila ya kizuizi, na mshale hudhani kwamba injini inawaka moto. Na waya ukikatika, hapana kitu kinachopita, na mshale hulala kwenye C hata kama injini inaungua.

Yule kijana alifanya jambo moja. Aliwasha swichi, akauchomoa waya kwenye sensa, akamwambia dereva atazame. Kama sensa ndiyo mbovu, mshale ungeanguka kwenye C mara ile. Haukuanguka, ulibaki kwenye H. Akasema, "Sensa haina kosa, tatizo liko njiani." Akaufuata waya kwa vidole, inchi baada ya inchi, akafika mahali ulipokuwa umelalia chuma umeliwa ngozi. Akaufunga utepe, akauhamisha mahali pake, kazi ikaisha. Katika duka moja la vipuri njiani tulikuwa tumekwisha kuuziwa sensa mpya kwa kubahatisha tu, na sensa hiyo mpaka leo imo ndani ya karatasi yake.

Kazi ya mitambo si ngeni Nachingwea. Mwaka 1947 Waingereza walianza mpango wao mkubwa wa kulima karanga Tanganyika, na Nachingwea ilikuwa moja ya sehemu tatu zilizochaguliwa, pamoja na Kongwa na Urambo. Waliteremsha matrekta mengi, mengine yaliyotengenezwa kutokana na vifaru vya vita, wakajenga reli kutoka pwani na bandari ya Mtwara. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, na khasara yake ilihesabiwa kwa mamilioni mengi ya pauni. Reli nayo ilifungwa mapema katika miaka ya 1960. Wenye kuandika tarikhi wanasema kosa moja kubwa ni kwamba walianza kazi kabla ya kuipima ardhi na mvua sawasawa. Lakini nimetoka nje ya somo.

Siku ya pili tukaondoka kwenda Ruangwa, na hapa ndipo lilipo kosa langu. Ilikuwa baada ya adhuhuri, jua kali, na njia ina vilima. Mshale kwanza ulipita katikati kidogo, kisha ukaanza kushuka, taratibu, mpaka ukalala kwenye C. Dereva akacheka. "Waya wa jana umekatika, fundi hakuufunga vizuri." Mimi nami, kwa kuwa jana nimejifunza kwamba mshale hudanganya, nikasema twende tu, tutautengeneza Ruangwa.

Mzee hakusema neno kwa muda. Kisha akasema, "Mwanangu, simamisha gari."

"Mzee, ni waya tu."

"Nasikia harufu ya kitu kitamu kinachoungua. Simamisha."

Tulisimama. Mpira wa chini wa rejeta ulikuwa umepasuka, na maji yote yamemwagika njiani. Harufu aliyoisikia Mzee ni ya ile dawa ya rejeta, ambayo ina harufu ya utamu. Injini ilikuwa inatoa joto kama tanuri, na mshale ungali umelala kwenye C kama gari iliyolala bandani.

Tafadhalini, ndugu zangu, lishikeni sana jambo hili, maana ndilo lililonifanya niandike. Sensa imetengenezwa kupima joto la maji. Maji yakiondoka, ncha yake hubaki hewani, na hewa haipeleki joto kama maji yanavyopeleka. Basi huweza kupoa na mshale ukashuka wakati injini ndiyo kwanza inazidi kuungua. Mshale unaoshuka wenyewe katika jua na mlima si khabari njema. Pengine ni waya uliokatika, pengine ni maji yaliyokwisha, na ndani ya gari huwezi kujua ni lipi. Lililo salama ni kusimama na kutazama.

Hatukuthubutu kutia maji baridi, kwani chuma chenye moto kikimwagiwa maji baridi hupasuka. Wala hatukugusa kifuniko cha rejeta, maana mvuke ulio ndani humbabua mtu uso. Tulingoja mpaka mpira wa juu ukawa baridi na laini mkononi. Mama mmoja wa kijiji kilichokuwa karibu alitupa ndoo mbili, na kule wakati wa kiangazi maji si kitu cha kumwaga hovyo. Tukaufunga mpira kwa vipande vya tyubu, tukaingia Ruangwa magharibi. Silinda hedi ilisalimika, alhamdulillahi. Gari ile haijamaliza kulipiwa, nanyi wanachama ndio mnaoilipa.

Madrasani tulifundishwa kwamba katika madai ya mali shahidi mmoja hatoshi. Nimeona kwamba kanuni hiyo inafaa barabarani pia. Mshale ni shahidi mmoja. Wa pili ni maji yenyewe, katika rejeta au katika chupa yake ya akiba. Wa tatu ni mpira wa juu: injini ikiwa imepata moto wa kawaida, mpira huo huwa wa moto na mgumu, ukiwa baridi ilhali mshale unasema moto, basi ama mshale unaongopa, ama maji hayazunguki, yaani themostati imekwama imefungwa. Wa nne ni feni. Siku ile mashahidi walikuwapo wote, nami nilimsikiliza mmoja.

Sasa nitaeleza namna ya kuipima sensa yenyewe, kwa wale wenye mita ya umeme. Ichomoe gari ikiwa baridi, uitie ncha yake katika kikombe cha maji, na ncha mbili za mita uzishike kwenye vidole vya sensa, mita ikiwa upande wa kupima ohmu. Katika magari mengi ya Kijapani tunayoyatumia, kwenye digrii 20 mita husoma baina ya ohmu 2,000 na 3,000, na kwenye digrii 80 husoma baina ya 200 na 400. Maji yetu ya mtungi yana digrii zaidi ya 20, kwa hivyo utapata pungufu kidogo, na hilo si kosa. Kisha ongeza maji ya moto kidogo kidogo. Hesabu ishuke bila ya kusita wala kurukaruka. Ikiruka, au ikisimama mahali pamoja, sensa hiyo ni ya kutupa. Msitumie kipimajoto cha homa. Mwisho wake ni digrii 42 na kitapasuka. (Aliyekijaribu ni mjumbe wa kamati, nami nimeahidi kutomtaja.)

Ama magari yenye kontroli boksi yana shida zaidi. Mengi ya zamani yana sensa mbili: moja ya waya mmoja, ya mshale, na nyingine ya waya mbili, inayoiambia kontroli boksi joto la injini ili ijue kiasi cha petroli cha kutia. Hii ya pili ikiharibika, mshale utakudanganya kwa njia nyingine: utakaa katikati, mzuri kabisa, na huku gari ina maradhi. Sensa ikisema baridi wakati ni moto, petroli humwagwa nyingi. Moshi mweusi, plagi nyeusi, na tangi hukauka kabla ya safari kwisha. Ikisema moto wakati ni baridi, gari hugoma kuwaka asubuhi. Mwanachama mmoja wa kaskazini alikwisha kubadilisha plagi mara mbili na pampu ya petroli mara moja, na tatizo lilikuwa sensa hiyo.

Kwa gari kama hizo, fundi mwenye mashine ya kusomea mwambieni aisome asubuhi, gari iliyolala usiku kucha, kabla ya kuwashwa. Joto la maji na joto la hewa iingiayo injinini yawe karibu sawa. Akisoma digrii 40 chini ya sufuri, hapana baridi ya namna hiyo Pemba wala Ruangwa. Waya umekatika au sensa imekufa. Akisoma digrii zaidi ya 100 kwa gari iliyolala, waya umegusana. Alama P0118 ndiyo ya njia iliyokatika, na P0117 ndiyo ya njia iliyogusana. Alama hizo hazisemi "nunua sensa". Zinasema njia ya sensa ina kasoro, na njia hiyo ina soketi, ina waya, ina kutu ya hewa yetu ya bahari. Kwanza fungueni soketi mtazame. Kutu ya kijani ndani yake nimeiona mara nyingi kuliko sensa iliyokufa.

Na feni ikizunguka muda wote tangu injini ni baridi, msifurahi kwamba inapoza vizuri. Kontroli boksi nyingi zikipoteza khabari za sensa huiacha feni iende kwa tahadhari.

Mita ya umeme ya chama imo ofisini, katika kabati la chini, pamoja na ile sensa mpya isiyotumika. Mwanachama anayetaka kuazima mita aje asubuhi, aandike jina lake na siku ya kurejesha. Betri yake niliitia mwezi uliopita.

Katibu